Kabati Lenye Ugonjwa wa Daraja la Tatu

Mtu anayeuza kabati huandika habari za kabati. Lakini lile tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa duka la dawa lilisema hivi: "Kabati la nguo la zamani, milango mitatu, linauzwa. Mwenyewe ni mzee, anakaa na dada yake ambaye haoni vizuri. Njooni mwone." Wapita njia walilipita tu. Mkaguzi alilisoma mara mbili, akalibandua taratibu, akalitia mfukoni ili watu wengine wasisumbuke bure.

Tuelewane mapema: Mkaguzi hakuwa mkaguzi wa kitu chochote. Cheo alijipa mwenyewe siku aliponunua begi jeusi la ngozi na kile kipimo cha daktari cha kusikilizia moyo. Yeye alisikilizia samani. Aliingia kwa wazee wanaouza kitu, akakikagua bure, akagundua ugonjwa, akasikitika mpaka karibu alie, halafu akakubali kukichukua kwa bei ya jozi ya soksi. Ugonjwa wenyewe alikuwa nao ndani ya mkono wa koti: kifuko cha unga wa mbao, mweupe, laini, alioukusanya chini ya msumeno wa fundi mmoja. Na kazi ilimkubali, jamani, tusimnyime haki yake.

Nyumba ilikuwa na mlango wa kijani. Alifungua bibi mwembamba aliyejifunga kitambaa kichwani, mikono ina madoa ya kahawia yasiyotoka. Ndani, pembeni mwa dirisha, dada yake mkubwa alikuwa akifuma soksi kwa kupapasa.

"Karibu, mwanangu. Tunauza ili dada akapasuliwe macho," alisema bibi. "Ana mtoto wa jicho, yote mawili. Mwaka juzi aliuza meza yake nzuri na viti vinane kwa ajili hiyo hiyo, lakini alichopewa hakikufika hata kwenye mlango wa hospitali."

"Aisee! Kuna watu hawana utu," alisema Mkaguzi, na alisema kwa moyo wote. Meza alizonunua zilikuwa nyingi mno, asingeweza kukumbuka kila moja.

Dada mkubwa aliacha kufuma. Aliinua kichwa kidogo, kisha akaendelea.

Kabati lilikuwa chumbani. Mungu wangu! Mbao nyekundu tupu, kioo kirefu mlango wa kati, maua ya kuchonga juu, na vanishi iliyong'aa hata Mkaguzi akaona tai yake imekaa upande. Moyo ulimwenda mbio. Akavaa kipimo masikioni, akaweka kile kisahani kwenye ubavu wa kabati, akafumba macho.

"Wapo," alinong'ona.

"Nani?"

"Wadudu, mama. Wanatafuna." Akachutama, akapitisha mkono chini ya mguu wa kabati, na mkono ulipotoka sakafuni palikuwa na kilima kidogo cha unga mweupe. "Ona mwenyewe. Hii ni daraja la tatu."

Bibi aliinama. Aliuangalia ule unga mweupe, akaiangalia mbao nyekundu, kisha akaunusa unga.

"Kuna daraja la nne?" aliuliza hatimaye.

"Lipo, ila likifika hilo huwa hakuna tena nyumba. Watahamia kwenye dari, kwenye vitanda. Lakini mimi nina roho ya huruma. Nitalichukua leo hii, nikupe chochote kidogo cha sabuni."

"Hapana!" Bibi alishika kifua. "Nikuuzie ugonjwa, mtoto wa watu? Umekuja kwa wema, unaniambia ukweli, halafu nikulipe kwa wadudu? Dada! Lete kiberiti, tunalichoma!"

"Kiko wapi?" sauti ya dada ilitoka sebuleni. "Nakipapasa, sikipati."

"Basi nianze na shoka."

Na kweli alilitoa nyuma ya mlango, shoka la kupasulia kuni, akalinyanyua kwa nguvu ambazo hakuna aliyemdhania kuwa nazo. Mkaguzi alijitupa mbele ya kioo, mikono ameitanua.

"Mama, subiri! Nitakwenda kulichoma mimi!"

"Ulipitishe barabarani, wadudu wakidondokea nyumba za watu? Sitaki laana. Sogea, mwanangu."

"Basi ngoja niwaulize maabara!"

Alitoka hadi ukumbini, akampigia simu mwenye duka la samani za zamani. Akamweleza rangi, kioo na maua. Mwenye duka alitaja bei, Mkaguzi akashika ukuta. Hata akilinunua kwa bei ya haki, angebaki na faida ya kula miezi sita. Alirudi na kukuta shoka limeshainuliwa.

"Maabara wanasema nisikilize tena." Akasikiliza. "Mama! Wamekufa."

"Wote?"

"Wote. Nadhani ni uzee."

"Walikuwa wanatafuna sasa hivi."

"Ndiyo walikuwa wanamalizia."

Bibi alitikisa kichwa. "Unanihurumia tu, unataka nisilie. Mimi nasema kabati hili ni gonjwa. Nakwambia mbele ya dada yangu: gonjwa! Usilinunue."

"Ni zima!" Mkaguzi alianza kutokwa na jasho. "Naapa ni zima. Nitalipa bei kamili!"

"Mtu anayenunua kitu kigonjwa kwa bei kamili kesho atarudi kuniita tapeli. Ningekuwa na karatasi, labda..."

Karatasi ilipatikana upesi ajabu, na kalamu juu yake. Mkaguzi aliandika kwa mkono wake: mimi mkaguzi wa samani nimelikagua kabati hili mara mbili, mwenyewe ameniambia ni bovu, nami nimehakikisha ni zima, nalinunua kwa hiari yangu na sitadai kitu. Akatia sahihi yenye mikia mitatu. Dada akaletwa, akaweka dole gumba kama shahidi. Mkaguzi akavua kiatu, akatoa pesa zote alizokuwa nazo duniani, zikiwa bado na joto.

Wapagazi wanne walilifikisha kabati dukani salama. Mwenye duka alilizunguka akitabasamu mpaka alipofika nyuma. Hapo akachukua msumari, akausukuma kwa kidole gumba. Ukazama wote. Akagonga ubavu kwa ngumi, na chini ukamwagika unga, mwekundu, mwingi, wa kujaza kofia.

"Hili limeliwa lote. Limebaki vanishi," alisema. "Umelitoa wapi?"

"Kwa bibi mmoja. Mlango wa kijani."

Mwenye duka alicheka mpaka akatafuta kiti. "Bi Vanishi! Ndugu yangu, yule mama amepaka samani za mji huu vanishi miaka thelathini. Tundu akiliziba kwa nta, hata mdudu mwenyewe halioni." Kisha akainama kwenye mguu wa kabati. "Na huu unga mweupe ulionata hapa umetoka wapi? Mdudu akila mbao nyekundu hutoa unga mwekundu. Hata mtoto anajua."

Mkaguzi hakujua.

Alihangaika nalo wiki tatu, akimtembezea kila mtu, na mwishowe mlango wake mmoja ukamwangukia mguuni. Ndipo akarudi kwenye mlango wa kijani, anachechemea, ana hasira za mtu aliyedhulumiwa.

"Nataka pesa zangu!" alifoka mlangoni. "Mmeniuzia ugonjwa!"

"Nilikwambia ni gonjwa," alisema Bi Vanishi kwa upole. "Nilitaka hata kulichoma. Karatasi yako hii hapa, nikusomee?"

"Nani huyo, mdogo wangu?" sauti ya dada ilitoka ndani. "Ni yule wa meza yangu? Yule aliyeniambia ina wadudu wa daraja la pili?"

 Hapo tu ndipo Mkaguzi alipoikumbuka ile meza, na viti vyake vinane, na kwamba kando ya meza palikuwa na mtu. Sura hakuikumbuka, maana hakuwahi kuiangalia.

"Ndiye," alijibu Bi Vanishi. "Sauti uliitambua vizuri."

Dada alitokea mlangoni bila kupapasa ukuta. Alikuwa na miwani mipya, na nyuma ya vioo vyake macho mawili maangavu, safi, yaliyomtazama Mkaguzi kuanzia kiatu mpaka utosini, kisha yakarudi tena chini, polepole, bila kuruka kitu.

"Ala! Kumbe ndiyo huyu?" alisema. "Kwa maneno yale, mimi nilidhani ni mtu mrefu."