Mchanga wa Muoki

Jumapili, 7 Septemba

Mkutano wa kikundi cha watu wa Kavumbu, Soko la Burma hapa Nairobi, kwenye kibanda cha nyama. Mimi si mtu wa Kavumbu. Mimi ni Ndung'u wa Jericho, asili Murang'a, ila mke wangu Mutheu kwao ni huko Ukambani. Kwa hiyo nyama nala, lakini kura sina. Dhuluma!

Mwenyekiti ni Muoki, mchonga vinyago wa Majengo. Leo kazungusha picha ya bwawa walilojenga mwaka jana. Nimeikodolea macho mpaka nyama ikapoa. Ukuta wa mawe upo. Nyuma ya ukuta ni mchanga mtupu. Tone la maji hakuna! Na watu wakapiga makofi. Nikauliza maji yako wapi. Muoki akajibu yamo humo humo, shemeji, usijali. Wakacheka. Anayekuambia usijali, huyo ndiye wa kuchungwa.

Sasa wanataka bwawa la pili, karibu na kwa mama mkwe. Mama huyo hufuata maji na punda kwa nusu siku. Shirika linalotoa saruji litaamua wiki hii. Mutheu kafurahi hadi kanigawia ubavu wake.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefikiri. Kwetu Murang'a mto ni mto. Unauona, unausikia, ukiteleza unalowa. Bwawa la mchanga ndilo dude gani? Saruji iliuzwa sokoni Muthurwa, nakula kiapo.

Mpango: nimfichue Muoki, aanguke, watu waniombe niwe mwenyekiti. Nitakataa mara moja tu.

Nimepiga simu shirikani, sauti nimeibadilisha. Dada mmoja, Khavere, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema asante, Bwana Ndung'u. Kanijuaje? Huyu naye ana lake.

Alhamisi, 11 Septemba

Balaa! Khavere kamwambia Muoki kwamba mpango wa bwawa la pili usimame kwanza. Jumamosi watu wa shirika watakwenda Kavumbu kujionea wenyewe. Hajasema nani kachongea. Mutheu kalia jikoni. Anasema kuna mtu mwenye roho mbaya anayetaka mama yake afe kwa kiu. Nikakubaliana naye, alaaniwe mtu huyo. Nikaenda kunywa maji. Mfereji nao umekauka, Jericho nzima.

Maji nimeyavulia nguo, sharti niyaoge. Ushahidi lazima upatikane.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimefika Kavumbu kabla ya wageni, na sepetu ya kuazima na viatu vya kanisani. Nikaanza kuchimba nyuma ya ukuta. Muoki lazima kazika pale mifuko ya udongo aliyoiita saruji. Shimo likafika magotini, hamna mifuko. Mchanga ukawa baridi. Nikaendelea. Mapajani, maji! Safi, yanapanda, yanaingia viatuni. Mungu wangu, nimepasua bomba la mtu! Nikavua koti nikajaribu kuziba.

Ndipo nikasikia vigelegele. Kina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, wale waliobeba mawe ya ukuta huu kwa mikono yao, wamejipanga na mitungi. Nyuma yao Muoki, na Khavere kando yake. Muoki akaeleza kwamba mchanga huyaficha maji jua lisiyanywe, kwamba wakati wa kiangazi watu huchimba hapo wakateka, na kwamba leo shemeji katoka Nairobi kuwachimbia mwenyewe. Nami nimo shimoni, koti linachuruzika! Khavere akasema ameridhika, bwawa la pili lijengwe.

Mama mkwe alisimama mbali, uso kaufunika kwa leso, maana huko mkwe hatazamwi hivi hivi. Lakini niliona mabega yakimtikisika. Alikuwa analia au ananicheka, sijui. Akanitumia mtungi wa maji kwa mkono wa jirani yake, Wayua. Nilitaka kulia kidogo. Nikajizuia, kulikuwa na watu.

Jumapili, 14 Septemba

Mutheu anawaambia majirani kwamba mumewe ni shujaa. Sijamkosoa.

Lakini nimefikiri tena. Muoki kanisifu kwa nini? Mtu hakusifu bure. Na maji yale yalijuaje nitachimba pale? Nani kayamwaga kabla sijafika? Mtungi wa mama mkwe nimekuja nao, nimeuficha uvunguni. Hicho ni kielelezo, hakiguswi.

Jumatatu, 15 Septemba

Mfereji bado mkavu. Nimetoka kazini, mtungi uvunguni haupo! Mutheu kaupikia chai. Ushahidi wangu wote umo kwenye birika! Nikapiga kelele. Akanimiminia kikombe.

Nikanywa, kwa uchunguzi tu. Tamu! Haina chumvi wala harufu ya dawa. Nikaomba cha pili, kuhakikisha.

Maji matamu namna hii, na mama mkwe hakuyaweka kwake, kanipa mimi. Mimi, ambaye tangu harusi hajawahi kuniambia hata neno! Hapana. Yule mama kuna kitu anakitaka. Kesho naanza kumchunguza.