Viungo vya Jalada Jema

Jumatatu, 4 Mei
Nimeitafuta karakana yangu mtandaoni. Ukurasa wa kumi na mbili! Juu kabisa yupo Bwana Kava, muuza kava za simu wa ng'ambo ya barabara, aliyejiita Jalada Jema baada yangu. Jina la karakana ya marehemu baba! Nililichukua makusudi nilipoanza kujalidi vitabu huku ugenini. Dada yangu, tuliyepotezana naye tukikimbia vita, akilitafuta anione. Sasa ataona kava za simu.

Jumanne, 5 Mei
Dawa ninayo. Zamani viungo vilikuwa ujirani mwema: niweke kwenye tovuti yako, nami nikuweke kwenye yangu. Kinyozi, mfuga nyuki, mtengeneza majeneza, tulibebana sote tukapanda. Nimewaandikia. Tovuti ya kinyozi imekufa. Mfuga nyuki mwenyewe amekufa. Mtengeneza majeneza anaendelea vizuri, ila hajibu.

Jumatano, 6 Mei
Fundi mmoja wa mtandao atanipa viungo elfu tatu, nami nimjalidie albamu ya harusi. Bwana Kava kapita, kanisalimia. Nimemwitikia kwa huruma.

Ijumaa, 8 Mei
Sipo! Hata ukurasa wa arobaini. Mke wa mwanangu, ambaye kazi yake ni tovuti, amekuta ninasifiwa na wauza dawa ya upara na tabibu wa farasi. Ujanja huo, anasema, mashine ya kutafutia iliushtukia miaka mingi iliyopita, na sasa inauadhibu. "Baba, siku hizi haihesabu tu wanaokutaja. Inawapima." Ameshinda akivikana viungo hivyo mbele ya mashine, visihesabiwe kuwa vyangu. Kanishauri niandike kitu ambacho mtu atakitaja bila kuombwa. Bila kuombwa! Tangu lini?

Jumapili, 10 Mei
Nimeandika kwenye tovuti yangu jinsi baba alivyoshona vitabu. Fungu la mwisho la kurasa kwa uzi mwekundu, ili msomaji ajue saa ya kuagana imekaribia.

Alhamisi, 21 Mei
Mkutubi nisiyemjua ameweka kiungo cha makala yangu kwenye tovuti ya maktaba yao. Kiungo kimoja. Nimenuna.

Jumamosi, 23 Mei
Ujumbe umeingia: "Kaka, uzi ule mimi ndiye niliyekuwa nikiupaka nta." Dada yangu! Hakutafuta jina lolote. Alikuwa akisoma tu tovuti ya maktaba. Nimekaa sakafuni kando ya ndoo ya gundi, mkwe kanishika bega. Kisha nimempigia dada. Tumelia, tumecheka, tumetajiana waliotangulia. Ana watoto wanne, kila mmoja na tovuti yake. Nimemwomba waniweke kwenye kila ukurasa, mara kumi kumi. Bwana Kava atanitambua.