Ukuta Unaomsema Akida

Jumatatu, 9 Agosti 1915
Nina miaka sabini na kitu. Aliyejua hesabu kamili amekufa. Nimeishinda sotoka iliyomaliza ng'ombe wa nchi nzima, nimeshinda nzige, njaa na wake wawili. Vita hii ya Wazungu nayo nitaizika. Kuandika nilifundishwa misheni, kiangazi kimoja tu, nikawapita vijana.

Leo askari wamepita tena kutafuta wapagazi. Vijana wetu wamejificha mlimani, na Yotham, mwanangu wa mwisho, yuko huko. Waliochukuliwa mwaka jana hajarudi hata mmoja. Hasira! Nimechukua masizi, majivu na udongo mwekundu, nikachora ukuta wa tembe langu unaotazama njia ya boma. Wapagazi kwa mstari, kamba shingoni. Nyuma yao Akida Zaidi, mtu wa pwani anayewaongoza askari, tumbo kama kihenge, kiboko mkononi. Apite, aone aibu. Mchoraji kama mimi hayupo toka hapa hadi Kilimatinde.

Jumanne, 10 Agosti
Jirani yangu Sila amekuja kutazama. Tunashindana tangu tukichunga ndama. Kauliza hawa mbuzi waliosimama kwa miguu ya nyuma ni wa nani. Watu wakacheka.

Jumatano, 11 Agosti
Nimerekebisha. Sasa kila mpagazi ni kijana wetu mmoja, na alama yake. Yotham na ndewe yake ya sikio iliyochanika. Mtoto wa Sila na pengo lake la meno. Nyuma nimeweka mlima, jiwe lake lililopasuka, na pango. Sila katazama, kajikuna kichwa, kaenda zake. Nimemweza! Mke wangu Raheli anasema nifute. Wivu tu.

Alhamisi, 12 Agosti
Akida kaja na askari wawili. Nilingoja viboko. Yeye katazama tumbo lake ukutani, kacheka! Kisha kauliza taratibu ni nani fundi wa kazi nzuri hivi. Sila alikuwa pale uani, akakohoa. Nikaona anataka kusema ni yeye. Ningenyamaza? Nikasema ni mimi.

Akida akaligusa sikio la Yotham pale ukutani kwa kidole. "Na mlima huu, mzee wangu, ni upi?"

"Chimwaga, bwana. Hata kipofu angeujua."

Kanishukuru sana, kwa adabu za pwani.

Raheli kasema, "Baba Yotham, umewachorea njia." Kajitwika kibuyu kama anayekwenda kisimani. Alipopita zizi nikamwona anakimbia.

Ijumaa, 13 Agosti
Raheli hajarudi. Vumbi linapanda upande wa Chimwaga. Kila mbwa akibweka nasimama. Sila kakaa mlangoni kwangu tangu asubuhi, hanitanii. Afadhali angenitania. Kauliza neno moja tu: lile pengo la mwanawe, je, linaonekana vizuri? Nikasema linaonekana vizuri sana. Akainama.

Jumamosi, 14 Agosti
Raheli karudi, miguu imevimba. Aliwahi! Vijana wamehamia kwenye mawe ya Miyuji. Askari wamekuta majivu yenye moto tu. Akida kwa hasira kalichukua dume langu jekundu la ng'ombe, ati nyama ya vita. Raheli kaupaka ukuta wote samadi. Sila kamshukuru Mungu. Mimi hakunishukuru.

Jumapili, 15 Agosti
Ukuta umekauka. Laini! Sijawahi kupata ukuta laini namna hii. Na akida lazima ajue kashindwa. Raheli yuko kanisani, basi nimeanza. Askari wanarudi mikono mitupu, akida ulimi nje, dume langu linamkanyaga. Kule mbali vijana wanamcheka, Yotham mbele na sikio lake. Nyuma yao nimechora mawe ya Miyuji yote na njia nzima ya kufika, aone mwenyewe walivyo mbali naye. Hii imeipita ile ya kwanza.

Asiyeamini amuulize Sila. Kasimama hapa sasa hivi, kaona, kashika kichwa kwa mikono miwili. Nimemwona akikimbia kuelekea Miyuji. Nadhani anakwenda kuwasimulia.