Donge Jeusi la Mzee Oketch

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimejipa cheo. Mwenyekiti wa Ubora, Tamasha la Muziki wa Kiasili, ukumbi wa mtaa, Makongeni. Hakuna aliyepinga. Kamati ni mimi na Mzee Oketch, na Mzee alikuwa amesinzia.

Mzee Oketch ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, tangu tukiwa wote wafanyakazi wa reli. Anapiga orutu, kile chombo cha Kijaluo cha waya mmoja na upinde. Hulia kama mlango mkuukuu unaoomba msamaha. Mimi Mkamba, siijui orutu, lakini nimeisikia ukutani miaka ishirini na miwili. Siku isipolia, chai hainishuki.

Sasa mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka. Jumamosi atapiga mbele ya watu mara ya mwisho, kisha arudi kwao Ugenya kuishi. Binti yake Norah yuko Doha kazini, hatapata ruhusa. Anachotaka ni sauti ya baba yake ihifadhiwe. Nimemwahidi kwa simu. Nimemwambia itakuwa safi kuliko ya redio.

Matamasha yetu huharibiwa na uchafu tu. Maiki zinapiga mluzi. Mtu anakatiza mbele ya mpigaji na sahani ya pilau. Mwaka huu hapana. Nimemwomba Mungu hekima.

Jumatano, 6 Agosti

Wachira wa Buruburu, mwenye spika za kukodisha, amekuja kupima ukumbi. Nikamwonyesha mahali pa kuziweka. Nimetunza maiki mbili za kanisa miaka tisa, si mgeni. Akasema, "Budaa, hizo zako ni za matangazo ya harusi. Hii ni muziki." Nikanyamaza kwa ajili ya Kristo.

Kisha akasema ataleta skrini kubwa, watu wa nyuma waone vidole vya Mzee. Wazo zuri. Limeniuma kwa kuwa si langu. Nimeliandika kwenye ratiba kama langu. Nitatubu.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumejaribu mitambo. Mzee alikuwa ameenda kuaga watu wa kwaya, akaniachia orutu niilinde. Wachira akaielekezea kamera. Ikatokea kwenye skrini kubwa kama ng'ombe. Na ubavuni mwake, donge jeusi. Limeganda kama lami. Lina alama za vidole na unyoya wa kuku. Wachira alicheka mpaka akashika magoti, akauliza kama tumeitoa kwa mtaro.

Niliona aibu kwa niaba ya jirani yangu. Nikaibeba nyumbani. Mafuta ya taa, kisu, kitambaa. Lile donge lilikuwa na moyo wa Farao. Saa mbili nzima. Likatoka vipandevipande, nikavitupa jaani. Halafu nikapaka mafuta ya kung'arisha mabenchi ya kanisa, mbao zote, na nyuzi za upinde pia. Inang'aa.

Mama Ndete, mke wangu, aliuliza kama Mzee ameniruhusu. Nikamjibu mtu haombi ruhusa ya kumwosha jirani yake miguu. Akasema hata Petro alipewa nafasi ya kukataa.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Mzee alivaa koti lake la reli. Akaishika orutu, akaigeuza. Akapapasa ubavu kwa kidole gumba, pale pale. Akavuta upinde.

Kimya.

Akavuta tena. Kwenye skrini mkono wake mkubwa ulienda na kurudi, picha safi ajabu, na sauti hakuna. Kama mtu anayepangusa meza.

Watu wakamgeukia Wachira. Mama mmoja akamwambia arudishe hizo spika alikoziokota. Wachira akachomoa nyaya, akachomeka, jasho linamtiririka. Nilijua si nyaya. Nilijua tangu kile kidole gumba. Nikasimama na beji yangu ya Ubora kifuani, nikamtazama Wachira, nikatikisa kichwa kama wenzangu.

Mzee akaweka upinde chini. Akaimba mikono mitupu, beti mbili. Sauti ikakatika. Akapigiwa makofi yale ya matangani.

Jumapili, 10 Agosti

Mahubiri yalikuwa ya wale wanaosafisha kikombe kwa nje. Mchungaji hakunitazama hata mara moja. Afadhali angenitazama.

Tulipotoka nilienda kwa Mzee. Alikuwa anafunga sanduku kwa kamba. Nikamwambia yote, na ya Wachira pia. Akauliza nilitupa wapi. Nikasema jaani, na jaa lilichomwa jana.

Akanieleza polepole. Lile donge ni utomvu wa mti. Upinde husuguliwa pale ndipo uushike waya. Bila utomvu, upinde ni fimbo. Na aliyelibandika ni marehemu mkewe. Kila Krismasi aliongeza kidogo. Unyoya ulikuwa wa jogoo wake.

Hakunikasirikia. Ningeshukuru angenitukana. Aliniuliza tu, "Muasya, miaka yote hiyo, kwa huo ukuta, wewe ulikuwa unasikia nini?"

Nikamshikia kamba akamaliza kufunga sanduku.

Nikampigia Wachira kumwomba radhi. Akasema sawa, lakini niwaambie wale waliomtukana, si yeye. Nimekubali. Bado natafuta maneno.

Alhamisi, 14 Agosti

Utomvu mpya umefika kutoka Ugenya kwa basi, umefungwa kwa jani la mgomba. Mzee akaulainisha kwenye jiko la makaa, akaubandika, akasugua upinde. Mimi na Mama Ndete tuliketi kitandani kwake, viti vimeshagawiwa.

Akapiga. Mkono ulitetemeka, akauacha utetemeke. Dakika kumi na moja. Nikarekodi kwa simu. Machozi yakanitoka. Mama Ndete akanipa kitambaa. Kilinuka mafuta ya taa. Amefanya makusudi.

Mzee akasema nimtumie Norah vivyo hivyo, nisiguse kitu. Nikamwambia ndiyo yangu ni ndiyo.

Jumamosi, 16 Agosti

Mzee ameondoka asubuhi. Orutu atampa mpwa wake. Yeye hatapiga tena. Aliniaga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni.

Ukuta umenyamaza. Chai imepoa.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada nimesikiliza rekodi kabla ya kumtumia Norah. Mtu aliyetubu masikio yake hufunguka, na nimefunguliwa jambo. Chini ya muziki kuna mkwaruzo. Unaanza upinde unapogusa waya na unaisha unapoinuka. Sasa huyo binti akae ugenini na mkwaruzo? Hapana. Safari hii nimejifunza: sikushika kisu. Nimetafuta fundi.

Abdijabar ana studio pale mtaa wa Lucky Summer, na mashine ya kufuta kelele. Alisikiliza, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Akasema mkwaruzo wenyewe umeshikana sana na muziki. Nikamwambia hata donge lilikuwa limeshikana. Autoe wote, abakishe muziki.

Kwenye simu yangu rekodi nimeshaifuta, kesho narekodi kwaya na nafasi ilikuwa imejaa. Abdijabar naye nimemwagiza asibaki na ile chafu.

Nimemwandikia Norah asiwe na wasiwasi, sauti ya baba yake inaoshwa.