Hotuba ya Kuzindua Maktaba Kiganjani Chumbani kwa Fundi Cherehani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Makamu wa Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa mliotuma udhuru, waheshimiwa ambao hata udhuru hamkutuma, mabibi na mabwana, na wewe fundi, mwenye chumba hiki, hebu kiache kwanza hicho cherehani nizungumze. (Cherehani kinanyamaza.)

Ofisi yangu imepokea kwa masikitiko taarifa ya kitaalamu kwamba ninyi wanafunzi wa ukunga, mlipoona kitabu cha kusomea kwenye simu kinauzwa bei ya kodi ya nyumba ya miezi miwili, badala ya kufuata utaratibu, yaani kuandika barua kwa nakala tatu na kusubiri, mlichanga mkanunua kimoja, mkawa mnajazana humu kila jioni, kinyozi jirani akikisoma kwa sauti kwenye kompyuta yake na ninyi mkinakili madaftarini! (Vicheko.) Msicheke. Hiyo ni hujuma kwa uchumi wa kidijitali. Utafiti wetu, uliofanyika katika hoteli nzuri sana, unaonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya wasomaji wanaifurahia bei, na hao watatu waliobaki ni ninyi. (Miguno.)

Lakini mimi, ambaye unyenyekevu wangu unajulikana ndani na nje ya ofisi, nikasema hapana, hawa ni watoto wetu, tuwaletee Mradi wa Maktaba Kiganjani, vitabu elfu arobaini, bure kabisa, ambao mchakato wake, baada ya upembuzi yakinifu, semina elekezi na ziara ya mafunzo niliyoiongoza mwenyewe pamoja na shemeji yangu, umefikia hatua isiyoweza kurudi nyuma, ingawa kwenda mbele nako bado tunajadiliana na wadau. (Binti wa mstari wa mbele anasimama: "Mheshimiwa, mtihani ni Jumatatu. Nikifeli tena wananitoa chuoni.") Pole, mwanangu. Haraka haraka haina baraka. (Binti anaketi.)

Semeni nami: Maktaba kiganjani! ("Iko wapi?") Msomaji kwanza! ("Na bei je?") Safi sana, hamasa nimeiona.

Kwa kumalizia, namshukuru fundi kwa chumba, ambacho pichani kitaonekana maktaba kabisa tukishavificha hivyo vitambaa. Kinyozi kwa kompyuta, utarudishiwa mpiga picha akimaliza. Na kwa namna ya pekee binti huyu kwa daftari lake, ambalo tumeshaligonga muhuri, maana mpaka leo ndilo kitabu pekee cha mradi, na litakaa ofisini kwangu wafadhili waje walikague, mpaka Jumanne.