Benchi Halitulii

Jumatatu, tarehe 9
Yameletwa mabenchi mawili ya useremala kutoka karakana iliyofungwa. Makuukuu! Gundi iliyoganda, kinyesi cha njiwa, makovu ya patasi. Nyapara akauliza nani anajua useremala ayafufue. Mkono wangu ukapanda kabla akili haijaulizwa. Ukweli ni kwamba niliwahi kumshikia mjomba ncha ya pili ya ubao, tena akinituma maji kila mara. Lakini mgongo huu umebeba magogo ya kutosha. Na karakana ya kiwanda chetu cha mbao ina kivuli.

Ndiyo-Bosi naye akanyoosha mkono. Tunabeba magogo pamoja na tunalala chumba kimoja. Neno "sijui" halijawahi kumtoka. Nyapara akampa kila mtu benchi lake. Ijumaa anakagua. Atakayefanya vizuri anabaki karakanani moja kwa moja. Mwenzake, magogo.

Jioni nikampigia mama watoto, nikamwambia sasa mimi ni fundi. Akacheka mpaka akakohoa. Akauliza, fundi huyu ni yule yule aliyetufungia mlango juu chini?

Jumanne, tarehe 10
Nimekwangua gundi yote. Nikalifungua jiliwa, lile taya la chuma la kubania mbao, nikalisugua kutu na kulipaka mafuta. Linafunga na kufunguka bila kulia. Nikajiona fundi hasa. Nikaliegemea benchi kwa maringo.

Likatikisika! Mguu mmoja mrefu. Nikaukata kidogo. Likatikisika upande wa pili. Nikakata na huko. Maji ukishayavulia nguo sharti uyaoge. Nikakata, nikakata. Kufika alasiri limetulia tuli. Ila limeishia mapajani.

Ndiyo-Bosi akapita, akauliza chekechea inafunguliwa lini.

Jumatano, tarehe 11
Nimelisogeza benchi nifagie. Likatikisika tena! Nikachukua pima maji, nikailaza sakafuni.

Sakafu ndiyo iliyopinda. Benchi lilikuwa zima tangu mwanzo. Nimempasua mgonjwa asiyeumwa.

Nimelirudisha mahali pale pale nilipolikatia.

Alhamisi, tarehe 12
Ndiyo-Bosi amelipaka benchi lake vanishi. Linang'aa unaweza kunyolea ndevu. Langu kavu kama kisigino.

Nikapata akili. Nikiipata vanishi iliyobaki, macho ya Nyapara yatanasa juu kwenye mng'ao, hayatashuka miguuni. Nikamsifu Ndiyo-Bosi shati. Nikamsifu mwandiko. Nikawasifu hadi shemeji zake, ambao sijawaona. Akasema asante kaka, akalikalia kopo. Nikamwambia Nyapara anamwita. Akaenda, na kopo mkononi! Akarudi na habari kwamba Nyapara hakumwita mtu, na sasa anataka kujua nani anatumia jina lake.

Basi, nimelifuta benchi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Mengine namwachia Mungu.

Ijumaa, tarehe 13
Nyapara amekuja na Mama Randa, bingwa wa viti hapa karakanani, mfupi wa kimo na mrefu wa ulimi. Nyapara alipoona vanishi akapiga mluzi. Moyo wangu ukaanza kurudi kwenye magogo.

Mama Randa akaweka ubao juu ya benchi linalong'aa, akasukuma randa. Ubao ukateleza kama sabuni, ukamgonga Nyapara tumboni. Mama akauliza hili ni benchi la kazi au meza ya bi harusi. Benchi la seremala lisipoushika ubao, akasema, ni pambo. Ndiyo-Bosi akasema ndiyo, mama.

Akaja kwangu. Akaranda. Likatoka pande refu la maranda, jembamba kama ganda la kitunguu. Kisha akauliza nani kakata miguu hii. Nikautazama mlango. Uko mbali. Nikasema mimi, mama, shikamoo.

Akasema marahaba mwanangu, kumbe kuna watu wenye macho! Miaka yote anaranda mabega yakiwa masikioni, kwa sababu mabenchi hutengenezwa na wanaume warefu kwa ajili ya wanaume warefu. Hili ni lake, asiliguse mtu. Nilijuaje kimo chake? Nikamwambia nilimpima kwa macho. Uongo ulitoka laini kuliko yale maranda.

Nyapara, akijishika tumbo, akasema nibaki karakanani. Nikakaa kwenye vumbi la mbao nikapumua kama mtu aliyetolewa kisimani. Nilimwonea huruma hata Ndiyo-Bosi. Akanipa mkono, akasema bahati yako ingekuwa na miguu ungeikata.

Jumamosi, tarehe 14
Siku ya kwanza ya ufundi! Kivuli! Mama Randa anataka benchi lake likae karibu na dirisha, apate mwanga. Tukalisogeza. Likatikisika. Akaniambia nichomeke kipande cha mbao chini ya mguu mmoja, yatosha.

Kipande cha mbao! Fundi mzima kama mimi? Nimeshaona kosa liko wapi. Sakafu imeinuka upande wa dirisha. Mama ameenda kula. Nimeazima nyundo na tindo ya kuchongea mawe.

Nitaipunguza kidogo tu.