Malalamiko Kuhusu Fomu Iliyosomwa

Kwa Muuguzi Mkuu, Wodi ya Wazee.

Marahaba, mwanangu. Najua ungeniamkia, basi tuokoe muda.

Mimi ni mke wa mzee wa kitanda cha nne, yule anayesahau. Mlipoanzisha mpango wenu mpya wa kuwahudumia wagonjwa wa usahaulifu, nilipewa fomu niandike mume wangu anapenda nini, ili wauguzi wamhudumie kwa kufuata hayo. Nilikuwa nimechoka. Nikaandika mume niliyemtamani miaka arobaini na moja: anapenda kukunja nguo, kushukuru na kusikiliza. Nani husoma fomu za hospitali? Kumbe ninyi mmeisoma, mkaibandika juu ya kitanda, mkaitekeleza neno kwa neno, naye kwa kusahau akaamini ndivyo alivyo! Ndiyo maana nalalamika:

1. Anakunja shuka za wodi nzima. Kwangu hakuwahi kukunja hata leso. Mama mfuaji anasema hajapata msaidizi kama huyu, na anayasema hayo mbele yangu bila haya.

2. Anasema ahsante. Kwa uji, kwa vidonge, hata kwa sindano! Mimi shukrani yangu ilikuwa kusukumiwa sahani. Watoto walipomsikia walidhani anatuaga. Mkubwa akampigia simu shangazi yake aje haraka.

3. Juzi nilimsimulia habari za goti langu dakika ishirini. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni goti lipi. Ikabidi niyapapase yote mawili ndipo nikumbuke.

4. Ijumaa mnamruhusu. Mtu huyu nitaishi naye vipi? Mimi nimezoea kugombana, mdomo wangu utaota kutu. Naomba nirudishiwe mkorofi wangu kama nilivyomleta, la sivyo abaki na mama mfuaji.

Nisalimieni madaktari, mpishi wa uji, na yule mlinzi wa getini anayeniita bibi harusi.

Ni mimi niliyedhulumiwa,
Mke wa Kitanda cha Nne

Nyongeza: Naandika haya nikiwa wodini, barua bado ninayo mkononi. Nimemkuta anakunja. Leo hakunitambua. Amenishikisha ncha ya pili ya shuka, akaniambia taratibu: "Mama, mke wangu akija, mwambie siku hizi najua kukunja. Alihangaika sana peke yake." Nimelia mbele ya watu. Malalamiko yote nayafuta, ila fomu msifute hata nukta. Ijumaa nitakuja kumchukua asubuhi na mapema, kabla hajamkunjia mtu mwingine hata taulo.